Kuhesabu Kabla ya Kuchimba

Wavuvi wa Kigombe hawakuwa wakimtafuta yeye. Walikuwa wakitafuta papa. Kigombe ni kijiji cha pwani kusini ya mji wa Tanga, ukishika njia ya Pangani, na kama ilivyo katika vijiji vingi vya mwambao, papa wa karibu walikwisha kitambo. Basi nyavu za jarife zikasogezwa nje, ng'ambo ya miamba, pale ambapo sakafu ya bahari inakatika ghafla na kuteremka kama ukuta wa kisima. Jarife ni wavu wa uzi mnene na macho mapana. Hutegwa jioni, hulala majini usiku kucha, huvutwa alfajiri. Kuanzia mwaka 2004 jarife za Tanga zikawa zinapanda na samaki ambaye hakuwa papa wala jamii ya papa.

Samaki mzito, mwingine urefu wa mtu mzima. Rangi yake buluu iliyokolea, mabaka meupe mwili mzima. Magamba magumu, yamepandana kama vigae. Mapezi yake hayakuota moja kwa moja ubavuni kama ya changu au kolekole. Mengi yamekaa juu ya kikonyo cha nyama, kama mkono mfupi. Mkia nao una kijimkia kingine katikati. Nyama imejaa mafuta, na anayeila huweza kuishia kuharisha, kwa hiyo mnadani hana bei.

Huyo ndiye silikanti. Mpaka Desemba 1938 wataalamu walimjua kwa mawe tu: mifupa iliyogeuka mwamba, ya mwisho ikiwa ya zama za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Kisha meli ya uvuvi ikampandisha mmoja karibu na East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, mwanamke kijana aliyekuwa mwangalizi wa makumbusho ya mji huo, akakataa katakata kumtupa. Akamchorea J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki, na Smith kwa mchoro ule akajua anatazama nini. Wa pili alithibitishwa Comoro mwaka 1952, ambako wavuvi walikuwa na jina lake siku zote, gombessa. Kule Malindi, Kenya, mwingine akavuliwa mwaka 2001, Songo Mnara kule Kilwa mwaka 2003. Halafu Tanga, na Tanga hakuja mmoja. Walikuja kwa makumi, ndani ya miaka michache.

Miaka hiyohiyo, mezani kwa wapangaji, kulikuwa na ramani nyingine ya mwambao uleule. Ghuba ya Mwambani, kusini kidogo ya mji, ilikuwa imewekewa alama ya bandari mpya ya kina kirefu, na reli ya kutoka hapo kupitia Arusha hadi Musoma, ili mizigo ya Uganda ivuke Ziwa Victoria na kuifikia bahari kwa njia fupi. Sura hii inahusu kazi iliyo katikati ya ramani hizo mbili: kwenda kuhesabu kilichomo majini kabla mtu hajaamua la kufanya na maji hayo.

Nianze na kile ambacho utafiti ulibadilisha Tanga, maana wengi wetu hudhani mtafiti huja kuthibitisha tu yale ambayo mvuvi ameshayaona. Mwaka 2007 timu ya Kijapani kutoka Aquamarine Fukushima iliteremsha chombo chenye kamera kwenye ule mteremko, na silikanti wa Tanga wakaonekana wakiwa hai mahali pao, kwenye mapango na kingo za mwamba. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, eneo linaloshuka kutoka karibu na mji hadi upande wa Pangani, Mwambani ikiwa ndani yake. Lakini jambo zito zaidi lilitoka kwenye vipande vidogo vya nyama vilivyokatwa kwa samaki waliokufa nyavuni. Vipande hivyo vilipimwa vinasaba, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011: silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni ukoo wa peke yake. Walitengana na wenzao wa Comoro na wa kusini mwa Tanzania zaidi ya miaka 200,000 iliyopita.

Kabla ya kipimo kile mtu angeweza kusema, na kwa nia njema kabisa, kwamba silikanti wapo Comoro, wapo Afrika Kusini, hata Indonesia wapo wa aina ya pili, kwa hiyo wa Tanga wakipungua kidogo hakuna msiba. Baada ya 2011 maneno hayo hayasimami. Hakuna atakayeogelea kutoka Comoro kuja kujaza pengo.

Mwaka 2021 likaongezeka jingine. Watafiti waliokuwa wakisoma magamba ya silikanti wa Comoro kama mtu anavyosoma pete za shina la mti walikadiria kwamba samaki huyu anaweza kuishi karibu miaka 100, kwamba jike hakomai mpaka apite miaka 50, na kwamba hubeba mimba kwa takriban miaka mitano. Hatagi, huzaa watoto waliokwisha kuumbika. Mama mmoja aliyevuliwa Msumbiji mwaka 1991 alikuwa na watoto 26 tumboni, karibu kuzaliwa. Sasa uweke umri huo kando ya ratiba ya ujenzi. Upanuzi wa bandari ya zamani ya Tanga ulianza mwaka 2019 na ukakamilika mwaka 2023. Jike aliyeshika mimba siku ambayo mitambo ilianza kazi alikuwa bado hajazaa ilipomaliza.

Sisemi hayo ili kuikataa bandari. Nimeona Tanga ya viwanda vilivyofungwa na ya vijana wanaoshinda vijiweni, na najua bandari ile ilivyokuwa ikifanya kazi. Kina kando ya gati kilikuwa mita tatu tu. Meli ilitia nanga nje, umbali wa kilomita 1.7, mzigo ukashushwa kwenye matishari, tishari likavutwa mpaka gatini, mzigo ukapakuliwa tena. Kazi mara mbili, gharama mara mbili, na wenye meli wakachagua Mombasa au Dar es Salaam. Kwa shilingi bilioni 429.1 kina kikachimbwa hadi mita 13 na gati la mita 450 likajengwa. Leo meli inafunga kamba ukutani. Upande wa pili wa ghuba, Chongoleani, ndipo mwisho wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Mambo haya yanawafaa watu. Ninachokitetea ni utaratibu wa kuyafanya.

Bandari inaumiza viumbe kwa njia nyingi, lakini mbili zinatosha kueleza kazi ya mtafiti: tope na kelele.

Tope kwanza. Meli ya kuchimba kina inapokwangua sakafu, chembe laini hupanda na kuning'inia majini kama unga wa muhogo kwenye ndoo. Chembe nzito hukaa siku hiyohiyo. Zile laini husafiri. Kwa pwani ya Tanzania mkondo mkuu huenda kaskazini mwaka mzima, na huenda mbio zaidi wakati wa kusi, kwa hiyo tope la Januari na tope la Julai hayaangukii mahali pamoja. Yakifika kwenye nyasi bahari hufunika jua, na nyasi bahari bila jua hufa kama mchicha uliofunikwa kwa turubai. Hapo tasi anapoteza malisho, pweza anapoteza maficho, na mama anayekusanya chaza maji yakitoka anarudi na kikapu chepesi. Yakifika kwenye matumbawe huwa ni mauti ya polepole, kwa sababu tumbawe ni mnyama asiyeweza kuhama. Hujisafisha kwa ute, na kila siku ya kujisafisha ni siku ya kutokua.

Mfano mchungu wa tope uko mbali na sisi, lakini unafaa kujulikana. Kati ya 2013 na 2015 mlango wa bandari ya Miami, Marekani, ulichimbwa ili upokee meli kubwa zaidi. Matumbawe yakafa. Bahati mbaya, wakati uleule maradhi ya matumbawe yalikuwa yakienea katika pwani ya Florida, na mabishano yakaanza: ni uchimbaji au ni maradhi? Waliowezesha mabishano hayo kuamuliwa ni watu waliokuwa wameweka alama kwenye matumbawe mojamoja, ya karibu na mlango na ya mbali, kabla ya kazi kuanza, wakayarudia wakati kazi ikiendelea. Maradhi yangeua karibu na mbali kwa kiasi kinachofanana. Tope lingeua karibu kuliko mbali. Vifo vilizidi karibu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba zaidi ya matumbawe nusu milioni yalikufa ndani ya mita 500 kutoka kwenye mlango ule.

Ndiyo maana mtafiti mzuri hutaka ghuba mbili: ile itakayochimbwa na nyingine inayofanana nayo ambayo haitaguswa. Azipime zote kabla, azipime zote baadaye. Mvua kubwa ikija, joto la bahari likipanda, wavuvi wa dago wakiingia, mambo hayo yatazipiga zote mbili. Kinachozidi upande wa gati ndicho cha gati. Bila hesabu ya kwanza, kila hoja baadaye ni neno la huyu dhidi ya neno la yule, na kwa kawaida mwenye wakili ndiye anayeshinda. Hesabu hiyo ya kwanza ina siku zake. Siku ambayo mashine inagusa mchanga, nafasi yake imefungwa, na hakuna fedha zitakazoifungua tena.

Kelele ni jambo gumu kuelewa mpaka ulisikie. Niliwahi kupanda mashua pamoja na mtafiti kijana aliyekuwa akijifunza kazi ya kusikiliza bahari. Nahodha alikuwa mzee wa makamo, mvuvi tangu utoto, aliyekodishwa pamoja na mashua yake kwa siku ile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo mnamsikiliza nani?"

"Pomboo, baba, kama watakuja."

"Hapa? Kusi likikaza hivi hawapiti hapa. Hupita ndani, nyuma ya fungu. Usipoteze mafuta."

Binti yule hakubisha. Akaandika daftarini: mahali, saa, upepo, na maneno ya nahodha kama yalivyotamkwa. Kisha akateremsha haidrofoni, maikrofoni ndogo iliyofungwa ndani ya mpira, kwenye waya mrefu mweusi, akanivisha visikizio. Nilitegemea ukimya. Nilichosikia ni kikaango cha vitumbua: mchakato mkali usiokatika, mafuta ya moto yanayopokea unga. Hao ni kamba wadogo wa mwambani wenye koleo moja kubwa, wakilifyatua mpaka maji yanapasuka. Juu ya mchakato ule zilikuja sauti za samaki, kama mtu anayegonga meza kwa kidole. Mwamba wenye afya hupiga kelele, na wana wa samaki walioanguliwa na kupeperushwa nje baharini hutumia sauti hiyo kutafuta mahali pa kuja kukaa. Kisha boti ya injini ikapita mbali, mimi siioni vizuri, na kikaango chote kikafunikwa. Kwa dakika kadhaa hapakuwa na mwamba. Palikuwa na injini tu.

Tulisogea nyuma ya fungu, kama nahodha alivyosema. Pomboo walikuja.

Sauti majini hukimbia mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na husafiri mbali. Nyundo ya kupigilia nguzo za gati ni jambo jingine kabisa kuliko injini ya boti. Pomboo huona kwa masikio. Hutoa mlio, akasubiri mwangwi, akajua samaki yuko wapi na mwanawe yuko wapi. Nyangumi wa nundu nao, wanaopanda kutoka bahari ya Antaktika kuja kuzaa na kupandana kwenye maji yetu ya joto, hasa kati ya Julai na Oktoba, huwaleta watoto wachanga karibu na pwani. Pigo la nyundo karibu na masikio ya viumbe hao linaweza kuyaharibu. Likiwa mbali huwafukuza, na mama aliyefukuzwa anapoteza mafuta ya mwili ambayo ndiyo maziwa ya mwana.

Kuna dawa zake, na zinafanya kazi. Bomba lenye matundu hulazwa chini kuzunguka nguzo, hewa ikasukumwa, na ukuta wa mapovu unaopanda hula sehemu kubwa ya sauti. Ujerumani, wajenzi wa mitambo ya upepo baharini wamewekewa kikomo cha desibeli 160 kwa umbali wa mita 750 kutoka kwenye nguzo, na wamejifunza kukitimiza kwa mapovu hayo. Nyundo huanza kwa mapigo mepesi ili aliye karibu aondoke. Waangalizi hukaa juu na darubini, na pomboo akiingia eneo lililokatazwa kazi husimama. Lakini kila moja ya dawa hizi inataka jibu la swali la mwanzo: ni nani yuko hapa, na lini? Mwangalizi hawezi kumwona mnyama usiku. Huwezi kupanga nguzo zipigiliwe Februari badala ya Agosti kama hujui Agosti kuna nini.

Katika kusikiliza huko hutokea mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Machi na Aprili 2015 watafiti walipita pwani nzima ya Tanzania kwa siku 31 wakikokota haidrofoni nyuma ya chombo. Masikio yale yakanasa milipuko ya baruti. Walipoipitia sauti yote walithibitisha milipuko 318, na asilimia 62 yake ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Kwa miaka mingi uvuvi wa baruti ulikuwa jambo la kulalamikiwa. Sasa ulikuwa na idadi na mahali. Msako mkali wa serikali ulifuata katika miaka iliyokuja, na watu wa Tanga, ambao miamba yao ilipigwa vibaya, wanajua tofauti yake.

Jambo linalonikera zaidi katika tathmini nyingi za miradi ya pwani ni ufupi wake. Wapimaji wanakuja wiki mbili, bahari imetulia kwa sababu hakuna anayekodi mashua kusi likivuma, wanazamia mara chache, wanaandika kwamba hawakumwona kasa wala nguva. Hawakumwona, sawa. Papa potwe wa Mafia wanatosha kuonyesha hatari ya sentensi hiyo. Kila mwaka kati ya Oktoba na Machi potwe hujaa mbele ya Kilindoni, watalii wakaogelea nao, kisha huadimika. Kila mtu alijua kwamba wameondoka. Watafiti wakawafunga vifaa vinavyotoa mlio na kuweka vipokezi chini ya maji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yakaonyesha kwamba wengi hawakwenda kokote. Walikuwa palepale kisiwani miezi yote, wamesogea nje kidogo na kushuka chini kidogo, mahali macho yetu hayafiki. Kama mtu angepanga kuchimba mlango wa meli pale kwa kutegemea macho, angechagua miezi ya "wameondoka", na angewachimbia vichwani.

Kwa hiyo kipimo cha haki kwa pwani yetu ni angalau mwaka mzima, kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, mchana na usiku. Miaka miwili ni bora. Wakubwa wa miradi husema muda huo ni mrefu. Reli huchukua muda gani kuchorwa? Mkopo huchukua muda gani kujadiliwa? Kipimo cha bahari kinaweza kuanza siku ileile ambayo wino wa kwanza wa ramani unakauka, na kisimcheleweshe mtu hata siku moja.

Wanaotaka kuona inakuwaje hesabu isipofanywa kwa wakati waende Lamu. Machi 2012 jiwe la msingi la bandari mpya liliwekwa, mradi mkubwa wa kuunganisha Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini. Mahali penyewe ni ghuba ya Manda, ndani ya kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, jirani na maji ambamo nguva wachache wa mwisho wa nchi hiyo wangali wanatajwa. Wavuvi wa Lamu hawavui na meli. Wengi wao wana mitumbwi na mashua za tanga, wanavua ndani ya mikono ya bahari kwa sababu nje mawimbi ya kusi hayavukiki. Uchimbaji ulipita katika mikono hiyohiyo. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ilikubaliana nao kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba tathmini pana ya mazingira ilipaswa kutangulia mradi, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021.

Mahakama iliwafanyia wavuvi wale haki, na fedha hizo ni haki yao. Lakini fedha ni za mtu. Nguva hana akaunti. Na hata kwa upande wa mtu, kila shilingi ya fidia inategemea swali la hasara: ulikuwa ukipata kilo ngapi, wapi, miezi gani? Mvuvi anajua kichwani. Daftari halina. Kijiji kinachoandika mavuno yake kila siku, kwa jina la fungu na aina ya mtego, kinajitengenezea ushahidi ambao hakuna wakili atakayeufuta. Naomba vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari vilivyopo pwani yetu vilione daftari la mavuno kuwa mali ya kijiji kama kilivyo kisima au uwanja wa mnada.

Utafiti pia hufundisha marekebisho madogo ambayo hayamgharimu mjenzi karibu chochote. Chukua taa. Kasa jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai yanayozidi mia, hufukia, hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka wote kwa pamoja, kila mmoja mdogo kuliko kiganja, na hukimbilia mwanga, kwa sababu tangu zamani upande wenye mwanga usiku ulikuwa bahari. Weka mlingoti wa taa nyeupe za yadi ya makontena nyuma yao na watageuka, watakimbilia lami, na asubuhi kunguru watakuwa wameshiba. Taa hiyohiyo ikielekezwa chini, ikafunikwa upande wa bahari, ikawa ya rangi ya kahawia nyekundu, madhara yanapungua sana. Lakini nani atamwambia fundi wa umeme afanye hivyo kama hakuna aliyepita ufukweni kuhesabu viota?

Kusini ya Tanga, mbele ya Ushongo, kuna Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti na kasa walikuja kutaga kwa wingi. Miti ikaisha, mchanga ukakosa wa kuushika, na leo ni fungu tu. Maji yakijaa linafunikwa lote. Kasa hawajui. Wanaendelea kuja kutaga palepale, kwenye mchanga utakaozama. Basi wanakijiji wamekuwa wakivuka, wakifukua mayai kwa mikono, wakiyapanga ndooni bila kuyageuza, na kuyafukia tena Ushongo, ufukwe ambao maji hayaufikii. Nimekaa na watu wa kazi hii. Wanajua kiota kilipo kwa kukanyaga tu, mguu ukihisi mchanga ulivyolegea. Hakuna chombo kitakachonunuliwa kitakachofanya kazi ya mguu ule, na tathmini yoyote ya pwani hiyo inayoandikwa bila kuwauliza watu wale imeandikwa nusu.

Sheria tunayo. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na inampa mwananchi nafasi ya kusikilizwa. Sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu ni ya mwaka 1994. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar, taasisi ya utafiti wa uvuvi ipo, na vijana waliosomea bahari wapo wengi wanaotafuta kazi. Hatuna udhuru wa kukosa watu.

Kwa hiyo wewe unayeishi pwani, siku ukisikia kipaza sauti kikitangaza mkutano wa bandari, wa gati, wa bomba au wa kuchimba mlango wa meli, nenda. Usiende kupinga wala kupiga makofi. Keti mbele, na zamu ya maswali ikifika, uliza: mlihesabu lini, mlihesabu katika pepo zipi, tope mtalimwaga wapi, na daftari la hesabu hiyo linapatikana ofisi gani ili nasi tulisome? Wakijibu yote, waombe nakala ibaki kijijini. Wasipojibu, waambie bahari bado haijapimwa, na kazi isubiri.